Jaji asiye na mpinzani: Colorado inavyowapigia kura majaji wake wa kaunti

Kila baada ya miaka miwili, katikati ya Oktoba, bahasha nene huingia kwenye masanduku ya barua ya wapiga kura wa Colorado. Tangu 2013 jimbo hilo humpelekea karatasi ya kura nyumbani kila aliyejiandikisha, kwa hiyo watu huijaza mezani, kikombe cha chai pembeni, bila foleni wala msimamizi wa kituo. Juu kabisa yapo majina yanayojulikana hadi Kigoma: wagombea urais, kama ni mwaka wake, na wa Seneti. Yanafuata ya wabunge na makamishna wa kaunti. Mwisho kabisa kuna maswali marefu ya kodi na katiba. Hapo katikati, macho yakiwa yameshaanza kuchoka, kuna safu ya majina yasiyo na chama wala picha wala mpinzani. Swali la kila jina ni lile lile: je, Jaji fulani wa Mahakama ya Kaunti fulani abakizwe kazini? Ndiyo au Hapana.

Aurora, mji uliopakana na Denver, una familia nyingi zilizotoka Kongo kwa njia ya kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, na majumbani mwao Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku. Aliyepata uraia akapiga kura kwa mara ya kwanza, kalamu husimama hapo kwenye majaji. Kwetu jaji huteuliwa, hapigiwi kura. Na hata akipigiwa, anashindana na nani?

Jibu fupi ni kwamba hashindani na mtu. Jibu refu linahitaji kwanza tuelewane maneno, kwa sababu karibu kila neno kwenye swali hilo lina maana nyingine huku kwetu.

Kaunti, wilaya, jaji, hakimu

Mkenya akisikia kaunti huona mojawapo ya zile 47, yenye gavana na bunge lake. Colorado ina kaunti 64, na gavana ni mmoja tu, wa jimbo zima. Kaunti za kule zimepishana ukubwa kupita kiasi. El Paso, yenye mji wa Colorado Springs, ina watu zaidi ya 700,000. San Juan, juu milimani, ina watu wapatao 700, pungufu ya wanafunzi wa sekondari moja ya kata. Zote mbili zina mahakama ya kaunti, na zote mbili humpigia kura jaji wake.

Mtanzania naye huteleza kwenye neno wilaya. Hapa Mahakama ya Wilaya iko ngazi za chini, hatua moja juu ya Mahakama ya Mwanzo. Colorado mambo yamepinduka: mahakama ya wilaya ndiyo inayosikiliza mauaji, talaka na madai makubwa, na wilaya moja ya kimahakama inaweza kukusanya kaunti kadhaa. Mahakama ya kaunti iko chini yake, na rufaa zake kwa kawaida hupanda huko.

Kwa hiyo huyo anayeitwa jaji wa kaunti, kwa kazi anazofanya, ni yule ambaye sisi tungemwita hakimu. Husikiliza makosa ya barabarani, ulevi kwenye usukani, wizi mdogo wa dukani na ugomvi wa majirani. Hutoa amri za zuio za kumlinda mke anayepigwa. Huamua kama mpangaji aliyeshindwa kodi atolewe nyumbani. Husikiliza madai ya fedha yasiyozidi dola 25,000, na yale madogo zaidi, ya hadi dola 7,500, watu hujitetea wenyewe bila wakili. Mtu akikamatwa kwa kosa kubwa, mara nyingi uso wa kwanza wa sheria anaouona baada ya polisi ni wa jaji wa kaunti, anayemsomea haki zake na kuzungumzia dhamana kabla jalada halijapanda juu.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba watu hufuatilia majaji wa Washington kama wachezaji wa mpira, ilhali jaji anayeweza kugusa maisha yao Jumatatu ijayo hawamjui hata kwa jina. Kwa mhamiaji uzito ni mkubwa zaidi. Chini ya sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa baadhi ya makosa, hukumu ya mwaka mmoja inaweza kumfungulia mtu mlango wa kufukuzwa nchini, hata kama ni kosa ambalo jimbo linaliona dogo. Bunge la Colorado liliona hatari hiyo, likapunguza siku moja: tangu 2022 adhabu ya juu kabisa ya daraja la kwanza la makosa madogo ni siku 364. Anayetamka siku hizo, au anayeamua kutozitamka, ni jaji huyu huyu wa kwenye karatasi yako.

Chumba cha watu saba

Nadhani watu huelekeza macho mahali pasipostahili. Huangalia siku ya kura, wakati jaji anapatikana mapema zaidi, ndani ya chumba chenye watu saba.

Nafasi inapotokea, kwa sababu jaji amestaafu, amefariki au amepanda cheo, tume ya uteuzi ya wilaya ile ya kimahakama hutangaza na kupokea maombi. Katika wilaya nyingi tume ina wajumbe saba, wanne kati yao wasiwe mawakili, na wasiozidi wanne watoke chama kimoja. Mwenyekiti ni jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo, ambaye huongoza kikao bila kupiga kura. Wanasoma mafaili, wanapiga simu kwa waliofanya kazi na mwombaji, wanamwita na kumhoji. Kisha humpelekea gavana majina mawili au matatu, hayazidi hapo. Gavana ana siku 15 za kuchagua mmoja. Hawezi kuongeza jina la rafiki yake, hawezi kuirudisha orodha kwa kuwa haikumpendeza, na akichelewa uamuzi unahamia kwa Jaji Mkuu, kutoka orodha ile ile.

Denver inajitofautisha, kama miji mikuu ipendavyo: kule majaji wa kaunti huteuliwa na meya. Lakini nao hufika mbele ya wapiga kura kama wenzao.

Anayeomba kazi hii kwa kawaida amesoma shahada ya kwanza, akaongeza miaka mitatu ya sheria, akafaulu mtihani wa uwakili, halafu akaiva mahakamani kama mwendesha mashtaka wa chini, au wakili wa utetezi anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na kitu, au mwenye ofisi yake mtaani. Sharti awe mpiga kura na mkazi wa kaunti hiyo. Kinachowashangaza wengi ni kwamba katika kaunti zilizopangwa madaraja ya chini kwa idadi ya watu, sheria haimlazimishi jaji wa kaunti kuwa mwanasheria; cheti cha sekondari kinatosha, pamoja na mafunzo maalumu. Kazi yenyewe huko ni ya muda, siku chache kwa mwezi. Tukicheka, tukumbuke wazee washauri waliokuwa wakiketi kwenye Mahakama zetu za Mwanzo bila kuwa wamesoma sheria hata ukurasa mmoja.

Akishaapa, anaingia kwenye kipindi cha majaribio. Katiba inasema miaka miwili, halafu hadi Jumanne ya pili ya Januari inayofuata uchaguzi mkuu. Hapo wengi hupotea, basi tuhesabu pamoja. Jaji aliyeteuliwa Oktoba 2022 alitimiza miaka miwili Oktoba 2024, na Novemba ya mwaka huo jina lake likawa kwenye karatasi. Aliyeteuliwa Machi 2023, miezi mitano tu baadaye, alitimiza miaka miwili Machi 2025, mwaka usio na uchaguzi mkuu. Yeye husubiri Novemba 2026, na kipindi chake cha majaribio kinakwisha Januari 2027. Wawili walioanza karibu pamoja, mmoja anapimwa baada ya miaka miwili, mwenzake baada ya karibu minne. Kalenda tu ndiyo iliyowatenganisha.

Akibakizwa, jaji wa kaunti hupata miaka minne, kisha swali linarudi. Jaji wa wilaya hupata sita, wa Mahakama ya Rufani minane, wa Mahakama Kuu Kabisa kumi. Wa chini, aliye karibu zaidi na watu, ndiye anayeulizwa mara nyingi zaidi. Yule wetu wa Machi 2023, kama aliteuliwa akiwa na umri wa miaka 42 na akakaa hadi 72, umri ambao katiba humtaka kila jaji wa jimbo astaafu, jina lake litapita kwenye karatasi mara saba. Akitaka kupanda mahakama ya wilaya hapandishwi kwa barua ya mkubwa. Anaomba upya, anahojiwa upya, na akipata anaanza upya na kipindi cha majaribio.

Walivyofika hapa

Utaratibu huu ulizaliwa na uchovu. Mwanzoni majimbo ya Marekani yaliteua majaji kupitia magavana na mabunge. Karne ya 19 ikaja na hamu ya kumpa mwananchi kila kitu akichague mwenyewe: Mississippi ikawa ya kwanza, mwaka 1832, kuwachagua majaji wake wote kwa kura, New York ikafuata 1846, na wengine wakamiminika nyuma yao. Lengo lilikuwa jema, jaji asiwe mtu wa gavana. Haikuchukua muda akawa mtu wa chama. Kugombea kunahitaji fedha, fedha hutoka kwa mawakili na wafanyabiashara ambao kesho kesi zao ziko mbele yake, na mkono mtupu haulambwi.

Mwaka 1906, huko St. Paul, kijana mmoja mwanasheria kutoka Nebraska aitwaye Roscoe Pound aliwahutubia mawakili wa nchi nzima, akawaambia kwamba kumlazimisha jaji awe mwanasiasa kumekaribia kuiangamiza heshima ya mahakama. Wazee wengi ukumbini walinuna. Miaka michache baadaye Albert Kales, mwalimu wa sheria wa Chicago, akaanza kuchora njia ya kati: wataalamu wachuje, kiongozi ateue, wananchi waulizwe baadaye kama aliyeteuliwa anafaa kubaki.

Wazo lilikaa kwenye karatasi hadi lilipopata adui wa kupambana naye. Adui huyo alikuwa Tom Pendergast, bosi wa siasa za Kansas City katika jimbo la Missouri, aliyegawa vyeo na zabuni kama pipi, vya mahakamani vikiwamo. Mwaka 1939 alifungwa kwa kukwepa kodi ya mapato. Mwaka uliofuata wananchi wa Missouri wakapitisha mpango mpya wa kuwapata majaji wa mahakama za juu za jimbo na wa miji mikubwa, na tangu hapo wanasheria huuita Mpango wa Missouri hata ukiwa jimbo jingine. Colorado iliuchukua kwa kura ya 1966, ikauanza 1967. Kabla ya hapo majaji wake waligombea kwa tiketi za vyama, bango kwa bango na masherifu.

Kwa hiyo kura ya kubakiza ni ya mapatano. Waliotaka majaji wateuliwe walipata tume, waliotaka wachaguliwe walipata karatasi ya kura. Kila upande uliondoka na nusu, na ukiitazama kura hii kama uchaguzi kamili utaiona mbovu, kwa sababu haikuundwa iwe hivyo. Iko karibu zaidi na breki ya mkono ya gari: hukai ukiivuta kila kona.

Namba zinasemaje

Na kweli haivutwi. Katika majimbo yenye kura ya aina hii, majaji walioondolewa kwa miongo mingi hawafiki hata mmoja kati ya mia. Colorado inahitaji nusu tu ya kura zilizopigwa juu ya jaji huyo, na moja zaidi. New Mexico hudai asilimia 57 na Illinois asilimia 60, na hata huko karibu wote hupita. Wapiga kura wengi huruka sehemu ya majaji kabisa. Miongoni mwa wanaoijaza, wengine huandika Ndiyo kwa wote, na wapo wachache ambao kila mwaka huandika Hapana kwa wote, kwa imani kwamba kiti kisizoeleke.

Mbona basi watu wasiseme ni mchezo wa kuigiza? Wapo wanaosema. Mimi nilikuwa upande wao mpaka nilipoangalia kinachotokea miezi kadhaa kabla ya Oktoba.

Tangu 1988 Colorado ina tume nyingine, tofauti na ile ya uteuzi: tume za tathmini ya utendaji wa majaji, moja kwa kila wilaya ya kimahakama. Kila moja ina watu 10, na 6 kati yao sharti wasiwe mawakili. Hawa hutuma madodoso kwa waliosimama mbele ya jaji: mawakili wa pande zote, raia waliokaa kwenye juri kuamua kesi, watumishi wa mahakama, wenye kesi. Husoma maamuzi yake ya maandishi. Huangalia majalada yanasogea au yanalala. Huenda kuketi viti vya nyuma mahakamani wakitazama jinsi anavyozungumza na mtu asiye na wakili. Kisha humwita, wakazungumza naye uso kwa uso. Wanapima uadilifu, ujuzi wa sheria, namna ya kujieleza, hulka akiwa kitini, uendeshaji wa kazi na mchango wake kwa taaluma na umma.

Hulka ni neno la kuangaliwa. Jaji wa kaunti hapimwi sana kwa falsafa ya katiba. Kesi zake hazina falsafa nyingi. Hupimwa kama anakaripia watu hovyo, kama anamkatiza mkalimani katikati ya sentensi, kama anachelewa kila asubuhi huku watu 60 wanamsubiri korido, wengine wakipoteza kibarua cha siku. Mambo haya wakili wa kawaida anayajua ila hathubutu kumwambia jaji usoni, maana kesho anarudi mbele yake. Dodoso lisilo na jina humpa ujasiri.

Mwishowe tume hutoa kauli: jaji huyu anafikia viwango vya utendaji, au hafikii. Maelezo mafupi ya kila mmoja huchapishwa kwenye kile kijitabu cha taarifa za kura ambacho wakazi wote hukiita cha bluu, kinachopelekwa kila nyumba yenye mpiga kura. Walio wengi hupewa alama nzuri, na ukisoma kurasa hizo mfululizo utasinzia kidogo. Ila wachache wanaoambiwa hawafikii huwa wana jambo la kufikiria, na ndipo kalenda inapowasaidia au kuwabana. Jaji anayetaka kubaki lazima aandike tamko la kugombea kwa Katibu wa Jimbo, kati ya miezi sita na mitatu kabla ya uchaguzi, yaani kuanzia Mei hadi mapema Agosti. Asipoandika, kiti kinahesabiwa wazi muda wake ukiisha. Jaji ambaye tume imemwonyesha kidole anaweza kuamua kwamba mwaka huu ni mzuri wa kurudi kwenye uwakili. Mtu huyo haingii kwenye takwimu za walioshindwa, kwa sababu hakushindwa, hakuonekana kabisa. Ukihesabu waliopigiwa Hapana peke yake umeacha waliotokea mlango wa nyuma.

Kampeni nazo zina adabu yake. Maadili ya majaji wa Colorado hayamruhusu jaji anayeomba kubakizwa kufanya kampeni, isipokuwa kama kuna watu wanaompinga waziwazi. Hata hapo hachangishi fedha kwa mkono wake. Hakuna fulana wala kofia.

Walioanguka

Majina makubwa ya walioanguka ni ya mahakama za juu, na karibu kila mmoja aliangushwa na mada moja iliyowaka mwaka huo. Rose Bird, Jaji Mkuu wa California, aliondolewa 1986 pamoja na wenzake wawili, Cruz Reynoso na Joseph Grodin. Kesi nyingi za hukumu ya kifo zilipita mbele ya Bird, na katika zote alipiga kura kuibatilisha adhabu. Mwaka 1996 Penny White wa Tennessee aling'olewa, akiwa hata hajakaa miaka miwili, baada ya kuunga mkono uamuzi katika kesi moja ya aina hiyo. Iowa, 2010, majaji watatu waliondoka kwa pigo moja, mwaka mmoja baada ya mahakama yao, kwa kauli ya wote saba, kuruhusu ndoa za jinsia moja. Saba waliamua, watatu wakaadhibiwa, kwa sababu watatu ndio waliofikiwa na zamu. Miaka miwili baadaye mwenzao David Wiggins, aliyetia sahihi uamuzi ule ule, akapita. Haki ya kalenda tena.

Ngazi za chini huanguka kwa sauti ndogo zaidi. Chicago, iliyo ndani ya Kaunti ya Cook, karatasi huwa na majina zaidi ya 50 ya majaji wa kubakizwa, urefu wa kuchosha mkono. Mwaka 2018 mmoja alikosa ile asilimia 60 baada ya chama cha Democratic cha kaunti kumpinga hadharani. Alikuwa wa kwanza kuangushwa huko tangu 1990.

Colorado yenyewe ilipata mtihani wake Novemba 2024. Desemba 2023 mahakama yake ya juu iliamua, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, kwamba Donald Trump asiwekwe kwenye karatasi ya kura ya mchujo ya jimbo hilo. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaitengua Machi 2024. Watatu kati ya majaji wale saba zamu yao ya kubakizwa ilikuwa mwaka huo: Monica Márquez, aliyekuwa upande wa wengi, na Brian Boatright na Maria Berkenkotter, waliopinga. Ukimuuliza mtu aliyeishi Iowa ya 2010 angetabiri moto. Wote watatu walibakizwa.

Jaji anapohesabu miezi

Hoja nzito dhidi ya kura hii haimhusu aliyeanguka. Inamhusu anayeogopa kuanguka. Watafiti wawili wa sayansi ya siasa, Gregory Huber na Sanford Gordon, walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa maelfu ya hukumu za majaji wa Pennsylvania, ambako jaji huingia kwa uchaguzi wa vyama na kisha hubakizwa kila miaka kumi. Walikuta kwamba kadiri siku ya kura inavyokaribia, vifungo vinarefuka. Kosa lile lile, rekodi ile ile, lakini ukihukumiwa mwaka wa kura unakaa ndani zaidi kuliko aliyehukumiwa jaji akiwa na miaka minane mbele yake. Hata jaji ambaye takwimu zinamwambia atapita, bado analala na mawazo ya tangazo moja la televisheni lenye uso wa mhalifu aliyemwachia.

Colorado ni Colorado na Pennsylvania ni Pennsylvania. Pennsylvania hakuna tume ya tathmini ya serikali inayomkinga jaji kwa kueleza kazi yake yote badala ya kesi moja. Mimi huiona kinga hiyo kuwa nusu ya thamani ya mfumo mzima. Bila tume, kura ya Ndiyo na Hapana humwacha jaji mikononi mwa uvumi.

Kumbuka pia kwamba kura si njia pekee ya kumwondoa. Makosa ya maadili huenda kwenye tume ya nidhamu ya majaji, na Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado walikubali kubadili katiba ili mashauri hayo yaamuliwe na bodi huru yenye raia wa kawaida ndani yake, badala ya kuachiwa majaji peke yao. Hapo ndipo mfumo wao unapokutana na wa kwetu. Kenya, jaji hutolewa kwa jopo maalumu linaloundwa baada ya Tume ya Huduma za Mahakama kupendekeza; Tanzania nayo ina jopo lake kikatiba. Kenya imewahi hata kuwapima majaji wote waliokuwapo kwa mkupuo: bodi ya ukaguzi, mwaka 2012, iliwaondoa majaji wanne wa Mahakama ya Rufani kwa uamuzi mmoja. Kilichofanyika Nairobi mara moja kwa ghadhabu ya katiba mpya, Colorado hukifanya kimyakimya kila baada ya miaka miwili, kwa madodoso.

Na asiye raia, ambaye bahasha ya Oktoba haimhusu? Anaweza kukutana na jaji huyo kabla ya jirani yake mpiga kura: kwa tiketi ya mwendo kasi, kwa notisi ya kuhama nyumba, au kwa kumsindikiza dada yake kuomba amri ya zuio. Akihitaji mkalimani wa Kiswahili anaomba, na mahakama ndiyo inayomlipa. Chumba kiko wazi kwa yeyote. Viti vya nyuma havina majina, na asubuhi moja, kwenye kiti cha pembeni, anaweza kuwa ameketi mjumbe wa tume ya tathmini na daftari mapajani, akiandika jinsi jaji alivyomsikiliza yule mkalimani.